Mguu wa K

Kila mtu alikuwa na herufi zake za kuandikia, na akifa, herufi hizo alipewa mtu mwingine. Bi Mwanjaa, mchora herufi wa Tanga, alilijua hilo vizuri, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Hata hivyo, alishtuka siku kijana mmoja aitwaye Kiango alipoketi mbele yake na kuandika jina lake kwenye kioo cha kuandikia. Jina lilitokea kwa herufi za Shekue, marehemu mumewe.

“Shikamoo, mama. Nimepewa hizi mwezi uliopita. Nazipenda, ila mguu wa K umeteleza. Naomba uunyooshe.”

“Marahaba. Uliteleza siku nilipozichora,” alisema Bi Mwanjaa. “Mwenyewe alinichekesha.”

“Pole, mama. Lakini K ndiyo inayoanza jina langu.”

Alikuwa na haki, na sheria haikumruhusu mchoraji kukataa. Bi Mwanjaa akashika kalamu, akaunyoosha mguu ule kwa mstari mmoja. Kijana akashukuru, akaenda zake.

Herufi ikirekebishwa, hubadilika popote ilipowahi kuandikwa. Jioni Bi Mwanjaa alifungua barua za Shekue, barua za miaka thelathini, na kila K ilikuwa imesimama wima. Akajaribu kuuchora ule mguu wa zamani pembeni mwa gazeti. Alijaribu mara nne, na mara zote nne haukuwa wenyewe.

Tunu, bintiye, aliinama begani kwake akasoma barua moja.

“Kumbe baba alikuwa na mwandiko safi hivi!”

“Ndiyo,” alijibu mama yake, akaikunja barua.