Mkunga wa Tatu

"Usiniache," mzazi wa kitanda cha dirishani alimwambia mkunga, akamng'ang'ania mkono.

Mkunga akafungua mdomo kusema "narudi sasa hivi." Maneno hayo aliyazoea kuliko jina lake, maana wodi ile ya uzazi ilikuwa na wakunga wawili tu kila zamu, na uchungu ukiwashika wazazi kwa pamoja, ilikuwa mbio juu ya mbio.

Kweli bwana, kitanda cha pili ukelele ukapanda. "Anakuja! Mtoto anakuja!"

Mwenzake alikuwa kwa mzazi mwingine, mikono imejaa. Mkunga akajinyanyua.

"Kaa, dada," ikasema sauti nyuma ya pazia. Alikuwa mkunga mpya, wa tatu, aliyeongezwa asubuhi hiyo baada ya wakunga wale wawili kumganda mganga mkuu hadi akasalimu amri. Glavu alishavaa. "Huyu ni wangu."

Mkunga alibaki hajasimama, hajaketi, hajui miguu aipeleke wapi. Kisha akakaa, akaangua kicheko.

"Unacheka nini?" mzazi akauliza, jasho likimtiririka.

"Nacheka kwa sababu siendi popote, mwanangu. Nibane mkono utakavyo. Haya, sukuma!"