Chai Ikiwa Bado Inafuka

"Bonyeza basi, mbona unaikodolea macho kama bomu?" alisema Jembe, mwenzangu wa meza ya jirani, kikombe cha chai mkononi.

Kweli niliogopa. Siku zote hesabu za kutabiri mafuriko tuliziandika mara mbili: kwanza kwenye kompyuta yangu, kwa mto mmoja wa majaribio, halafu upya kabisa kwa ajili ya kompyuta kubwa zinazokokotoa mito yote. Majibu yalitoka mchana, maji yakiwa yameshaingia vyumbani mwa watu. Sasa nilikuwa nimeiunganisha maktaba mpya ya majedwali, yaani amri zilizo tayari za kukokotoa takwimu, na programu inayozipangia hesabu zetu zamu kwenye kompyuta zile kubwa. Amri zile zile za mto mmoja zilitakiwa kwenda kwenye mito yote, bila kuguswa hata nukta.

Nikabonyeza.

Visanduku vya hesabu kwenye skrini vikaanza kugeuka kijani, kimoja kikikiamsha kingine, hadi cha mwisho. Chai ya Jembe ilikuwa bado inafuka.

"Aisee," alinong'ona. "Amri zile zile?"

"Zile zile."

Ramani ikajichora, mito imetanda kama mishipa mgongoni mwa mkono. Hatukuwahi kuiona nzima asubuhi.

Kisha nikauona mto mmoja mwekundu, kule bondeni kwetu: utafurika kabla ya adhuhuri. Ndimo nilimojifunzia kuogelea.

Nikampigia Mama simu.

"Mafuriko gani, mwanangu?" Mama alicheka. "Huku jua linawaka, ndiyo kwanza naanika nguo."

"Maji yanatoka huko juu milimani. Ziache hapo hapo kambani, Mama, ukimbilie kilimani."