Muuza Magodoro kwenye Kiti cha Kinyozi

Kichwa kilikuwa kimenyolewa upande mmoja tu Mchungaji alipoomba mashine izimwe.

"Imekukwaruza, bosi?" kinyozi aliuliza.

"Hapana. Nina jambo la kusema, na nikingoja umalize nitakimbia."

Mashine ikanyamaza. Mchungaji akajitazama kwenye kioo: upande mmoja unang'aa, upande wa pili bado mweusi, shuka limemkaba shingo. Huo ulikuwa uso wa mwizi aliyekamatwa, na kwa kweli hakuwa mbali sana na wizi.

Yote yalianza na uongo mdogo. Siku ya kwanza alipoketi hapo alijitambulisha kuwa ni muuza magodoro. Watu wakishajua wewe ni mchungaji hukunja sura kama wako msibani, naye alitaka angalau mahali pamoja duniani pa kubishania mpira bila kuombwa afunge kwa sala. Wakabishana vizuri tu kwa miezi kadhaa. Halafu, bila kuulizwa na mtu, kinyozi akaacha mpira, akaanza habari za sufuria.

"Sufuria iliyoungua haisuguliwi ingali ya moto," alisema. "Unailoweka kwanza. Mungu naye akikuloweka, usidhani amekutupa."

Jumapili ile Mchungaji hakuwa na ujumbe hata wa dawa, basi akaihubiri sufuria. Kanisa zima lilisimama. Tangu hapo nywele zake hazikupata nafasi ya kuota. Akahubiri chujio la chai. Akahubiri kisu butu, ambacho humkata mwenyewe kuliko nyama. Mkewe, kiti cha mbele, aliitikia amina kabla sentensi haijafika mwisho, na Mchungaji akajisifu kwa wazee wa kanisa kwamba ameoa mwanamke mwepesi kuguswa na Roho.

Kitu kimoja tu kilimtatiza. Kinyozi aliishi peke yake na kula mkahawani asubuhi na jioni. Haya ya jikoni aliyatoa wapi? Mchungaji akaamua kuwa ni ufunuo, akaendelea kuuchota.

Nyumbani alihitaji utulivu wa kujiandaa. Mkewe akianza, "Baba watoto, leo nikiosha vyombo nimewaza kitu," alimkatiza kwa upole: "Subiri kwanza, mama. Natafuta ujumbe."

Sasa askofu alikuwa amepiga simu. Alitaka Mchungaji awafundishe wenzake namna ya kumwona Mungu katika mambo ya kila siku. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa imefika ukingoni. Kama vile hayo hayakutosha, kinyozi alikuwa ametoka kumwambia, akimnyoa kisogo, "Kifuniko cha kuazima hukaa juu ya sufuria vizuri kabisa, mpaka maji yachemke. Mtu bora awe yeye." Hapo ndipo Mchungaji alipoomba mashine izimwe.

"Mimi siuzi magodoro," akasema.

"Mh."

"Ni mchungaji. Kila unachoniambia nakihubiri kama changu. Nimekuibia, ndugu yangu." Alipenda kusifiwa kuliko alivyopenda chakula, na alijua sifa zote zinahama leo hii, lakini moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa kwa muda mrefu. "Jumapili nitakuita mbele ya kanisa, askofu akiwepo, niseme mwenye mafundisho ni huyu."

Kinyozi akakung'uta brashi, akatazama mlangoni, akarudi kumtazama.

"Usiniite mimi, mchungaji. Utanitia matatani."

"Kwani ulijua mimi ni mchungaji?"

"Kitambo. Bei ya godoro nimekuuliza mara ngapi, na kila mara unataja nyingine?" Akakishika kichwa, akakiinamisha. "Mimi hata chai sijui kuchemsha. Kuna mama hupita hapa kila Ijumaa akitoka sokoni, ananikaririsha neno kwa neno mpaka nishike."

"Mama gani?"

Mashine ikaanza kunguruma upande uliobaki.

"Sijamuuliza jina. Anasema nyumbani humsikilizi, ila hapa ukishafungwa shuka huna pa kukimbilia."