Hamu ya Jumanne

Tangu Makame apandikizwe figo, homoni zake ziliendeshwa na kifaa cha hospitali kilichofichwa chini ya ngozi ya mkono. Kilimruhusu kumtamani mkewe siku ya Ijumaa pekee. Jumanne hiyo, Riziki alipoinama kukuna nazi, Makame alimtazama shingo, na damu ikamchemka yenyewe, kama zamani.

“Mke wangu, njoo ndani.”

“Baba Zuhura, leo si Ijumaa,” Riziki alicheka. “Hospitali wamekosea siku?”

“Hii si ya hospitali. Ni yangu.”

Riziki aliacha kucheka. Akanawa mikono, akaenda kuoga huku akiimba.

Kifaa kikatetema mkononi, na joto likamtoka Makame taratibu. Riziki aliporudi akinukia asumini, Makame alimkumbatia kwa nguvu, ili mkewe asimwone uso.