Senti ya Mwaka Hamsini na Tano

Wendell Kuchar alijua kwamba senti ile ni ya bandia hata kabla hajaisogeza vizuri chini ya taa.

Miaka yote aliyofanya kazi kwenye kiwanda cha vioo, na yote tangu astaafu, alikuwa akichukua senti benki zikiwa zimefungwa kwenye karatasi, akizikagua moja moja kwenye meza ya jikoni, kisha akizirudisha. Alitafuta zenye kasoro: zilizopigwa chapa kombo, zilizokosewa madini. Aliyoitamani kuliko zote ni ile ya 1955 ambayo tarehe na maneno yake yamejirudia, kama vile unaitazama ukiwa umelewa; wakusanyaji huinunua kwa zaidi ya dola elfu moja. Hakuwahi kuipata. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, upasuaji ulihitaji pesa wasizokuwa nazo, mrija wa oksijeni haumtoki puani, na daktari alikuwa ameacha kabisa kuzungumzia kiangazi kijacho.

Na leo hii hapa kiganjani. 1955, imejirudia waziwazi.

Ila herufi zake zilikuwa butu, kama za kipande cha sabuni kilichokwishatumika. Akaigeuza upande wa masuke ya ngano. Ile halisi ina mikwaruzo miwili kando ya herufi T ya neno CENT, myembamba kama unywele. Akaangalia kwa kioo cha kukuzia, akaangalia tena. Hakuna kitu.

"Umepata nini?" aliuliza Roxanne.

Binti yake alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Kwa kawaida akishamletea senti kutoka benki huziweka mezani na kwenda zake kutazama televisheni, akimtania kwamba anatafuta mke mpya humo ndani. Leo hata koti hakuwa amevua.

Wendell aliitazama ile karatasi iliyofunga senti. Ncha moja ilikuwa imekunjwa kwa vidole, si kwa mashine ya benki. Akakumbuka pia kwamba siku kadhaa hajasikia gari la Roxanne likiingia uani. Liko gereji, alisema, naye akija kwa miguu kwenye theluji.

Basi akaelewa. Mwanawe ameuza gari ili baba yake apate, kabla ya kufa, kitu alichokitafuta maisha yake yote. Na mshenzi fulani amemuuzia takataka.

"Mbona kimya, baba? Ndiyo yenyewe?"

"Ngoja kwanza. Unataka nife kwa furaha kabla sijamaliza kuangalia?"

Roxanne hakucheka. Wendell akainama tena kwenye kioo, ingawa hakikuwa na jipya la kumwonyesha. Alihitaji tu muda wa kuutengeneza uso wake.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

"Una uhakika?"

"Naitafuta tangu hujazaliwa, Roxie."

"Si zile za kughushi? Ulisema zimejaa."

"Zimejaa kweli. Hii siyo."

"Na daraja la ubora? Ungeipa alama ngapi?"

Hajawahi kumuuliza habari za daraja hata siku moja. Maskini, alitaka kuinywa furaha hii yote, tone la mwisho.

"Kati ya sabini? Hamsini na tano. Mtu mkarimu angeipa hamsini na nane. Haijachakaa, na hakuna mjinga aliyeisugua." Alishangaa jinsi uongo ulivyomtoka kwa ulaini.

"Niapie, baba."

"Naapa kwa kaburi la mama yako."

Roxanne alijishika mdomo. Akambusu utosini, akatoka haraka kwenda ukumbini, na Wendell akamsikia akiongea kwenye simu kwa sauti ya chini. Anampa shoga yake habari, alifikiri. Akaifumba ile senti kiganjani. Kifua kilimuuma kama kawaida, lakini kwa mara ya kwanza tangu majani yapukutike hakuyaogopa maumivu. Walau hili amelifanya vizuri.

Roxanne alirudi macho yamelowa, simu bado mkononi. Akavuta kiti, akaketi karibu naye kabisa, magoti yakagusana.

"Usinikasirikie, baba. Hiyo senti nimeinunua mimi."

"Mwanangu, hukupaswa..."

"Ngoja nimalize. Nilijua nikikuambia nimeitolea pesa, utaogopa kunivunja moyo. Ndiyo maana nikaichanganya na zingine, uniambie ukweli." Akamshika mikono yote miwili. "Yule bwana aliyeniuzia anazo nyingine thelathini, kwa bei ya chini. Tukiziuza, utafanyiwa ule upasuaji. Nimemtumia akiba yangu yote sasa hivi."