Mtutu Unaokimbia Mbele

"Mikono juu!" dobi alifoka.

Maisha yake yote hakuwahi kuiba hata kifungo cha shati la mteja. Lakini shemeji yake alikuwa ameiuza cherehani ya marehemu mama kwenye duka hili la vitu vya kale, bila kumwuliza mtu, na mwenye duka akakataa katakata kwenye simu kuirudisha. Basi leo, mchana wa saa saba, dobi alichukua bastola ya babu, akaukuta mlango wa nyuma uko wazi, akajitoma ndani.

Mzee aliyekuwa ameinama nyuma ya kaunta aliinuka, mikono juu. Macho yake hayakuwa kwa dobi. Yalikuwa kwenye bastola.

"Mwanangu, hiyo umewahi kuifyatua?"

"Nitaifyatua sasa hivi!"

"Usithubutu! Bastola nyingine, risasi ikitoka, chuma cha juu ndicho kinachorudi nyuma. Hii ni ya zile za mwanzo, mafundi walipokuwa wanajaribu kila kitu. Mtutu wenyewe ndio unaokimbia mbele, halafu springi inaurudisha. Teke lake, hata punda angeliamkia shikamoo."

Dobi aliutazama mtutu kama mtu aliyeambiwa mbwa wake ana kichaa.

"Sasa nifanyeje?"

"Toa risasi kwanza, nikuonyeshe."

"Haina risasi," dobi alisema, kisha akajiuma ulimi.

Mzee alipekua droo tatu ndipo akapata bisibisi. Akalegeza hiki na kile, akauvuta mtutu mbele, na springi ikachomoka ikamtandika dobi puani. Wote wawili wakapiga magoti kuitafuta chini ya kabati, wakisukumana kwa mabega na kucheka. Walipoinuka walikuwa kama mjomba na mpwa.

"Haya, ulikuja kuiba nini?"

Dobi akaeleza, machozi yakimlengalenga.

"Cherehani tu? Ichukue! Na ile saa ya ukutani mpelekee mkeo. Mimi niachie hii bastola."

"Baba, Mungu akuzidishie! Na kwenye simu ulivyokuwa mkali kama pilipili!"

"Siku hazifanani," mzee alisema. Akaifunga bastola kwenye kitambaa, akaisokomeza ndani ya begi lililokwisha kufura, kisha akamsaidia dobi kuitweka cherehani begani na kumpachika saa kwapani.

Dobi bado alikuwa anashukuru funguo zilipolia kwenye mlango wa mbele.

"Kimbia, mwanangu," mzee alinong'ona, mguu mmoja tayari nje ya mlango wa nyuma. "Mwenye duka amemaliza kula."