Mwaka wa Tano

Mgeni alimwomba Waithira afungue mdomo.

Walikuwa wamesimama uani, nyuma ya karakana ya saa ya Kingori mjini Nyeri. Ilikuwa Julai 1968, na baridi ya mlima ilikuwa inauma. Waithira alishusha kitambaa alichojifungia taya. Mgeni hakurudi nyuma kama watu wengine. Aliinama, akatazama ufizi uliooza na mapengo ya meno, kisha akatoa kalamu.

Asubuhi hiyo wasichana wa karakana walikuwa wamenong'onezana kwamba huyu ni afisa wa leba kutoka serikalini. Alivaa koti jeusi, alibeba faili, na Kingori mwenyewe alikuwa amemkaribisha chai. Kwa miaka miwili walikuwa wameandika barua serikalini, na hakuna hata moja iliyojibiwa.

"Nieleze kazi yenu, mama," mgeni alisema.

"Tunapaka namba kwa uso wa saa. Ile rangi ya kung'aa gizani, mkebe umeandikwa radiamu. Brashi lazima ichongoke, kwa hivyo unaitia mdomoni, unaichonga na midomo, unachovya, unapaka. Kila namba hivyo hivyo."

"Na mkiichonga kwa kitambaa?"

"Inachukua wakati. Kwa mdomo unamaliza nyuso za saa themanini kwa siku. Kwa kitambaa, labda thelathini."

Mgeni aliandika.

"Uliumwa lini mara ya kwanza?"

"Mwaka wa tano kazini. Jino moja liling'oka, shimo likakataa kupona. Sasa ni mfupa unatoka, vipande vipande."

"Kabla ya hapo?"

"Hakuna kitu. Nilikuwa na nguvu, hata gunia ya viazi nilikuwa nabeba peke yangu."

Akamweleza juu ya Kagure wa Wamagana, aliyezikwa wiki ya Pasaka, na Zuena, ambaye sasa hainuki kitandani. Kagure aliugua mwaka wa sita. Zuena, mwaka wa tano na nusu. Mgeni alitaka hata miezi, na Waithira akafikiri sana kabla ya kila jibu, kwa sababu hakutaka kumpa neno moja la uongo.

"Kwa hivyo hakuna aliyeugua kabla ya mwaka wa tano? Una hakika?"

"Hakuna, bwana. Mungu ni shahidi."

Mgeni akapiga mstari chini ya maneno hayo.

Machozi yakamlengalenga Waithira. Daktari alikuwa amemwambia hapigi mswaki. Kingori alikuwa amemwambia ni magonjwa ya kwao. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kumsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi najua siponi," alisema. "Lakini angalia hawa wadogo. Ngendo ana miaka kumi na minane tu, ameanza juzi."

"Nimekuelewa, mama," mgeni alisema, akamshika mkono kwa heshima.

Agosti ikapita bila habari. Septemba Waithira aliacha kazi, akarudi kwa mama yake Mukurweini. Taya ilikuwa imevunjika yenyewe akipiga miayo. Ilifungwa kwa bendeji, na akawa anakunywa uji kwa mrija.

Jumapili moja Ngendo alikuja kumwona, amebeba chupa ya maziwa, uso umejaa furaha.

"Dada, yule mgeni alirudi!"

Waithira akajiinua kwa kiwiko.

"Kumbe anaitwa Bwana Gatimu. Amefungua karakana yake kule Kiriaini. Kazi ni ile ile yetu, lakini mshahara ni karibu mara mbili. Ametuchukua wote, sisi wapya."

Sauti ilitoka kooni mwa Waithira, lakini haikuwa neno. Ngendo alidhani ni furaha, akamkumbatia.

"Na ana huruma, si kama Kingori. Ati hataki kuona mtu akiugua kazini kwake. Kila msichana anaandikwa miaka minne tu, halafu anarudi kwao, na wengine wanaandikwa."